Mlingoti wa Akiba

Karakana yangu iko hapa Babati mjini, upande wa barabara ya kwenda Singida. Kwa miaka mingi nilifanya useremala kama wenzangu wote walivyoufanya: mbao inashuka kwenye lori asubuhi ingali na majimaji, mchana imeshapigwa randa, kesho yake fremu imesimama kwa mteja. Leo sifanyi tena hivyo, na aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa Pangani aliyekuwa akitafuta mlingoti wa ngalawa. Sisi wa Babati hatuna haja na milingoti. Ziwa letu ni la viboko, perege na kambale, na wavuvi wake huenda kwa mitumbwi na kafi.

Mke wangu ni mtu wa Pangani. Tulishuka kwao kwa arobaini ya baba mkwe, tukamkuta shemeji yangu, nahodha, amekaa tu baraza hana kazi. Upepo wa kusi ulikuwa umemkamata akirudi kutoka upande wa Maziwe, kisiwa ambacho wazee wanakikumbuka kikiwa na mivinje na sasa ni fungu la mchanga linalomezwa maji yakijaa. Mlingoti ukavunjika, foromali na tanga vikaangukia majini, wakaingia mlango wa mto kwa kupiga makasia.

Niliomba kuuona huo mlingoti. Ulikuwa umekatika palepale unapopita kwenye tundu la ubao wa kati. Nje mti uling'aa kwa mafuta, mzima kabisa. Ndani, kuzunguka tundu, ulikuwa mweusi na unachimbika kwa kidole. Maji ya mvua huteremka na mti yakakwama hapo, na hapohapo ndipo tanga linapouvuta kwa nguvu zote.

Mzee aliyeitwa kutengeneza alikuwa fundi wa vyombo tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikamuuliza kama tutakwenda kununua mvinje mpya.

"Upo wa kununua, mwanangu," akasema. "Lakini ni mbichi. Nikiusimamisha leo, jua litaukausha upande mmoja kabla ya mwingine, na mwezi haujaisha utakuwa umepinda. Shemeji yako hana nafasi ya kungoja mti ukauke."

Akatuvusha kwa kivuko mpaka Bweni, ng'ambo ya mto, ambako dau moja lilikuwa limekufa ufukweni, mbao zake zimeachana, mataruma yako wazi. Mwenyewe alikuwa ameuhifadhi mlingoti wake wa akiba juu ya dari ya kibanda. Nao haukuwa mpya. Ulishatumika katika chombo kingine kabla ya kuwekwa pale. Bei ilikuwa ya kuelewana.

Kilichofuata sijakisahau. Mzee aliulaza mti juu ya magogo mawili, akashika tezo kwa kinyume, akaugonga kuanzia kichwani hadi mguuni, sikio karibu na mti. Mti mzima hulia; uliooza hunyamaza. Karibu na mguu ulinyamaza, akaweka alama ya mkaa. Kisha akachukua kisu, akachoma ncha ndani ya kila tundu la msumari. Kila msumari ulikuwa umeacha duara jeusi, na nikadhani atasema mti umekwisha, lakini kisu hakikuzama: ilikuwa rangi ya kutu tu. Akaubiringisha taratibu, jicho moja limefumbwa, kutafuta kombo. Mwisho akazifuata nyufa kwa kucha. Ufa unaokwenda na urefu wa mti hakuushughulikia, maana mti ukikauka lazima upasuke hivyo. Aliutafuta ufa wa kukata mti kwa upana, hata mwembamba wa unywele. Huo ndio uvunjao mlingoti. Hakuuona.

Tukaukata mguu penye mkaa. Dau ni kubwa kuliko ngalawa, kwa hiyo mti ulihitaji kupunguzwa unene, na hapo nikaomba kazi. Mzee alinionyesha: kwanza unautoa pande nane zilizo sawa, halafu unaziua pembe zikawa kumi na sita, ndipo unauviringisha kwa randa. Ukianza moja kwa moja na mviringo, unaharibu unyoofu. Nimeshika randa tangu ujana wangu, lakini sikuwahi kupata mti wa namna ile. Randa haikukwama, wala maranda hayakuwa na unyevu. Tulipoulaza nje, umande ukaushukia usiku na jua likauchoma mchana, kisha nikaulenga tena kwa jicho: haukuwa umesogea.

Tulipokuwa kazini shemeji alisimulia habari za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa takataka za plastiki, ambalo mwanzoni mwa 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Mzee aliisikiliza, akaendelea kuchonga mguu ili uingie sawasawa kwenye mwashiri. Kwake yeye kuunda chombo kwa vilivyobaki ni kazi ya siku zote.

Wakausimamisha, wakaukaza kwa kabari, wakapitisha henza kwenye kapi. Tulitoka alfajiri na upepo wa nchi kavu. Tuliporudi, kusi imechachamaa, niliweka kiganja pale mti unapopita kwenye ubao, pale wa kwanza ulipokatika. Kila dharuba ulipinda kidogo, kisha ukarudi. Nilikaa hivyo mpaka tukaingia mtoni.

Niliporudi Babati ulikuwa wakati wa kiangazi, upepo mkavu unavuma, na mteja mmoja alikuwa akinisubiri: mlango wake umejipinda hata kitasa hakishiki. Wateja wa namna hiyo huja kila mwaka, kwa kila seremala wa hapa. Safari hii nilijua la kumwambia. Mti mbichi unaweza kupoteza maji mengi bila kubadilika. Maji yakishuka chini ya takribani asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu ndipo unapoanza kusinyaa, na husinyaa ukiwa tayari ni mlango wako. Kwa hewa ya kawaida, ubao wa inchi moja huhitaji karibu mwaka kukauka. Nani Babati humpa seremala mwaka?

Ndiyo sababu sasa mbao zangu nazitafuta zilikokwisha kukauka. Mji huu umekaa penye njia kuu, malori yanalala hapa, na kwenye gereji kuna bodi kuukuu zilizopigwa jua kwa miaka. Nachukua boriti za nyumba zinazobomolewa. Nagonga, nachoma kisu kwenye matundu ya misumari, natafuta ufa wa upana. Napitisha sumaku kwanza, maana msumari mmoja uliokatikia ndani humaliza ulimi wa randa. Na sifichi kwamba nafurahi kila nikitazama msitu wa Mlima Kwaraa juu ya mji na kujua kwamba mlango nilioutengeneza leo haukuangusha mti.

Wapo wateja walioondoka. "Fundi, unaniuzia mbao za lori?" aliniuliza mama mmoja. Nilimkabidhi nyundo agonge mwenyewe, kwanza ubao wa bodi, halafu ubao mpya uliofika juzi. Akachagua wa bodi.

Kenchi za paa bado natumia mbao mpya zilizotiwa dawa, kwa sababu urefu wanaoutaka wateja siupati kwenye bodi ya lori. Mbao mpya nyingine nikizinunua nazipanga kivulini, vipande vidogo katikati ili hewa ipite, na siziuzi mpaka muda wake ufike. Mlango wa mbao kuukuu nauuza kwa bei ileile ya mpya. Wanaoomba nipunguze nawaonyesha ndoo ya misumari niliyoing'oa, na sipunguzi.