Lori la Kale

Msomaji, ukipata kuona lori la kale la jeshi, aina ya Bedford RL lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1953, usilidharau kwa kutu yake. Injini ina silinda sita, nayo huzungusha magurudumu yote manne. Mchanga na matope si kitu kwake.

Langu nililinunua likiwa gofu. Miaka miwili, kila Jumamosi, mimi na mzee mmoja fundi tulikwangua kutu, tukafungua injini, tukajenga nyuma kijumba cha mbao chenye vitanda vinne. Kijumba hicho nalikipenda mno! Nilikipaka rangi mara tatu. Lakini mipira ya kupitishia mafuta ya breki sikuibadili. Fundi alinionya, "Mwalimu, uhai wenu umo humu." Nikamjibu kwamba fedha zimekwisha.

Basi tuliposhuka mteremko kaskazini ya Maralal, mimi na wanangu, mguu wangu ulizama hata sakafuni. Nikashusha gia, nikaliegemeza lori ukingoni. Likakwaruza mwamba, likasimama. Watoto walicheka, wakidhani ni mchezo. Mimi mikono ilinitetemeka hata nisiweze kufungua mlango.

Tulilala papo hapo, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Kijumba kile hakijapakwa rangi ya nne.