Mtego wa mchanga: mabanka ya gofu niyapendayo na nisiyoyapenda

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Waliosema hivyo hawakuwa na habari ya mchezo wa gofu, lakini methali yao ndiyo kipimo bora nikijuacho cha kuyapimia yale mashimo ya mchanga ambayo wengi wetu huyaona kwa mbali tu.

Bila shaka, msomaji, umewahi kupita karibu na uwanja wa gofu wa Reli jijini Nairobi, au wa Muthaiga, au wa Nyali kule Mombasa. Uliona nyasi zimenyolewa zikapendeza, na katikati yake vidimbwi vikavu vya mchanga. Huenda ulijiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu atakayepanda nyasi nzuri hivyo, kisha azichimbue na kumwaga mchanga. Wachezaji huviita mabanka, na kazi yake ni moja tu, kuunasa mpira. Mpira ukitumbukia humo, mchezaji sharti aupige kutoka mchangani, au akubali kuongezewa mikwaju katika hesabu yake. Na katika gofu, mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Basi leo twende mpaka chimbuko la mambo haya, mji mdogo wa St Andrews ulio pwani ya mashariki ya Uskoti. Tukiwa huko nitakueleza ni mabanka ya aina gani yanayonifurahisha, na ni yapi ambayo lau ningekuwa na uwezo ningeyafukia yote.

KAZI YA UPEPO NA KONDOO

St Andrews ni mji wa mawe ya kijivu, magofu ya kanisa kuu la kale na wanafunzi wengi, kwani chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka wa 1413. Baina ya mji na bahari pana ardhi ya kichanga, yenye vilima vidogo na nyasi fupi ngumu. Ardhi hiyo haifai kwa kilimo. Tangu zamani ilikuwa ya watu wote: huyu analisha kondoo, yule anaanika nguo, na wengine wanafukuzana na mpira. Hati ya Askofu Mkuu John Hamilton ya mwaka wa 1552 ilitambua haki ya wenyeji ya kucheza gofu hapo.

Katika ardhi kama hiyo hakuna aliyehitaji kuchimba mitego. Inasimuliwa kwamba kondoo walijibanza kwenye mabonde madogo kuukimbia upepo wa baharini, wakakanyaga nyasi mpaka zikafa. Sungura nao walitoboa mashimo. Upepo ukamalizia kazi kwa kupeperusha udongo, mchanga ukabaki wazi. Tena mpira huviringika kuelekea penye bonde, kwa hiyo kila mchezaji alipiga kutoka mahali pale pale na kuzidi kupachimba.

Gofu lilipohamia bara, mbali na bahari, watu walitaka liwe na sura ile ile ya pwani ya Uskoti. Ndipo wakaanza kuchimba mashimo kwa majembe na kuleta mchanga kutoka kwingine. Mchezo huo ulifika Nairobi pamoja na Waingereza, na klabu ya kwanza mjini humo ilianzishwa mwaka wa 1906. Kwa hivyo banka la Nairobi, lililozungukwa na udongo mwekundu, ni kumbukumbu ya ufuo wa mbali wa bahari ya baridi.

JEHANAMU NA KABURI

Uwanja mkongwe wa St Andrews, uitwao Old Course, una mabanka 112, na mengi yana majina. Kuna Coffins, yaani Majeneza. Kuna Grave, yaani Kaburi. Kuna Lion's Mouth, Kinywa cha Simba. Katika shimo la 9 kuna Kruger na Mrs Kruger, yaliyopewa jina la Paul Kruger, rais wa Makaburu waliopigana na Waingereza kule Afrika Kusini.

Lililo maarufu zaidi liko shimo la 14 na linaitwa Hell, yaani Jehanamu. Ni pana kama ua wa nyumba, na kuta zake zinamzidi mtu mrefu kimo. Kuta hizo hujengwa kwa vipande vya nyasi na udongo vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama matofali, na kila baada ya miaka michache hujengwa upya.

Mwaka wa 1995, Jack Nicklaus wa Marekani aliingia humo. Huyu alikuwa bingwa mara mbili katika uwanja huo huo, mwaka wa 1970 na 1978. Hata hivyo, ilimbidi apige mara 4 ndipo mpira ukatoka, na shimo hilo moja likamgharimu mikwaju 10.

Kabla yake aliumizwa hapo Gene Sarazen, naye pia Mmarekani. Sarazen ndiye aliyeunda fimbo ya kisasa ya mchangani. Aliongeza chuma chini ya kichwa cha fimbo ili isizame, bali ipite chini ya mpira na kuuinua pamoja na mchanga. Aliitumia kushinda mashindano ya British Open mwaka wa 1932. Mwaka uliofuata alifika St Andrews na fimbo yake hiyo, akatumia mikwaju 8 katika shimo la 14, kisha akamaliza mashindano akiwa nyuma ya viongozi kwa mkwaju 1 tu.

Sasa utaniuliza, mtego mkatili hivyo waweza kupendwaje? Jibu ni kwamba Jehanamu halimfuati mtu. Linaonekana. Upande wake mmoja kuna njia pana ya mtu mwenye subira, atakayekubali kutumia mkwaju mmoja zaidi. Anayenaswa ni yule aliyetaka kufika upesi kwa kupiga mpira juu ya shimo. Yeye ni miongoni mwa waliokuwamo!

Ndivyo lilivyo pia banka la shimo la 17, liitwalo Road. Ni dogo lakini lina kina, na limejikunja ubavuni mwa grini, yaani zile nyasi laini kabisa zilizo na bendera. Mwaka wa 1978, Tommy Nakajima wa Japani alikuwa tayari ameufikisha mpira kwenye grini. Akausukuma kidogo, ukapinda, ukateremka na kutumbukia. Alipiga mara 4 kuutoa, na akaandikiwa mikwaju 9. Ardhi ya hapo huinama kuelekea shimoni, kwa hiyo banka ni dogo kwa macho lakini mlango wake ni mpana. Wenyeji hulitania mpaka leo kwa jina la mchanga wa Nakajima.

Na je, yawezekana kuyakwepa yote? Mwaka wa 2000, Tiger Woods alicheza raundi 4 katika uwanja huo bila mpira wake kuingia katika banka hata moja kati ya yale 112. Alishinda kwa tofauti ya mikwaju 8. Mitego ilikuwa pale pale. Yeye alichagua njia.

DAKTARI ALIYEJIFUNZA KWA MAKABURU

Aina ya pili niipendayo ni ya Alister MacKenzie. Huyu alikuwa daktari Mwingereza aliyehudumu katika vita vya Makaburu. Huko Afrika Kusini alistaajabu kuona jinsi Makaburu walivyoficha mahandaki yao yakafanana na ardhi iliyoyazunguka. Baadaye aliacha udaktari akawa mchoraji wa viwanja vya gofu, na maarifa yale akayatumia kwa amani.

Mwaka wa 1926 alikwenda Australia na kuchora uwanja wa Royal Melbourne. Mabanka ya huko yana kingo zilizochongoka na miinuko inayofuata umbo la vilima. Nyasi za grini zimenyolewa mpaka ukingoni kabisa mwa mchanga. Ukitazama utadhani mvua na upepo ndivyo vilivyochonga, ilhali ni kazi ya mkono wa mtu.

NISIYOYAPENDA

Kwanza ni mabanka ya pambo. Haya huwekwa mahali ambapo hakuna mpira wa mchezaji hodari utakaofika, almuradi picha ya uwanja ipendeze. Mchanga wake huwa mweupe kama unga wa sembe. Anayenaswa humo ni mwanafunzi wa mchezo, mzee asiye na nguvu, au mtoto. Huo hasa ndio mtego wa panya wa wahenga.

Pili ni wingi usio na maana. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kuna uwanja uitwao Whistling Straits uliofunguliwa mwaka wa 1998. Ardhi yake ilikuwa tambarare, ikajazwa udongo mpaka ikapata vilima mfano wa pwani za Uingereza na Ireland. Mabanka yake ni kama 1,000. Mwaka wa 2010, Dustin Johnson alifika shimo la mwisho la mashindano ya PGA akiongoza kwa mkwaju 1. Mpira wake uliangukia mahali pa mchanga palipokanyagwa na watazamaji. Hakutambua kuwa hilo nalo ni banka, akagusisha fimbo chini kabla ya kupiga, jambo lililokatazwa na kanuni. Aliongezewa mikwaju 2 akakosa nafasi ya kuwania taji, ambalo lilichukuliwa na Martin Kaymer wa Ujerumani. Kanuni ni kanuni, lakini mtego ambao hata aliyenaswa hajui kuwa ni mtego una kasoro.

Haki itendeke: hata St Andrews ina mabanka ya namna hii. Katika shimo la 12 yako kadhaa yasiyoonekana kutoka mahali pa kuanzia, kwa kuwa zamani uwanja ulichezwa kwa kuzunguka upande wa pili. Hayo siyapendi, ingawa nayasamehe kwa sababu ya uzee wake.

UWANJA UNAPOPUMZIKA

Jambo ambalo familia ya Nairobi huenda ikalishangaa zaidi ya mabanka ni hili: uwanja huu mashuhuri si mali ya klabu. Ni wa umma. Mwishoni mwa karne ya 18 baraza la mji liliishiwa pesa, ardhi ikauzwa, na wanunuzi wakaijaza sungura wa biashara. Wenyeji waligombana nao kwa miaka kama 20, mashambani na mahakamani, mpaka James Cheape alipoinunua mwaka wa 1821 ili gofu liendelee. Mwaka wa 1894 ikarudi mikononi mwa mji kwa sheria ya bunge. Katika shimo la 2 kuna banka linaloitwa Cheape. Laiti kila ardhi ya umma iliyopotea ingepata watetezi wa namna hiyo!

Kwa kawaida, Jumapili hakuna mchezo katika Old Course, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa. Siku hiyo utawaona akina mama wakisukuma vigari vya watoto, wazee na mbwa wao, na wanafunzi wakipiga soga. Hakuna anayekudai kiingilio. Unaweza kutembea mpaka ukingoni mwa Jehanamu na kuwaonyesha watoto mahali ambapo mabingwa walitokwa jasho. Ila usiingie mchangani wala usikanyage grini, kwani Jumatatu kuna wenye kazi.

Ukisafiri kutoka Edinburgh, panda garimoshi mpaka kituo cha Leuchars kisha uchukue basi, kwa maana St Andrews haina reli tangu mwaka wa 1969. Chukua sweta hata kama ni Julai. Na kama watoto watataka kushika fimbo wenyewe, wapeleke kwenye Himalayas, uwanja wa kusukuma mpira taratibu juu ya vilima vya nyasi, ambao ulianzishwa na akina mama wa mji huo mwaka wa 1867. Mgeni yeyote huruhusiwa kwa ada ndogo, na humo hamna banka hata moja.