Nilifuta gemu 11 za kaka yangu kwa mstari mmoja, nikaenda kuzitafuta kwenye mpunga

Wadau, hii stori nimekaa nayo miezi kadhaa. Wahusika siwataji majina maana wapo, wanasoma humu, na mmoja wao ana mkono mzito. Nitasema tu "kaka" na "mama", wenyewe watajijua.

Kaka yangu alikuwa na banda la gemu hapa Ifakara. Mliokulia mtaani kwetu mnalikumbuka: TV mbili za chogo, PlayStation mbili za kijivu, benchi moja la mbao, na daftari la madeni ambalo nusu ya majina ni ya watu ambao leo ni waheshimiwa. Diski nyingi zilikuwa za kuchoma, sitaki kudanganya, na mashine zilikuwa zimechipiwa ili zizisome. Kaka alikuwa anaandika jina la kila diski kwa maka peni, na majina alikuwa anayatunga mwenyewe. Crash Bandicoot kwetu haikuwa Crash Bandicoot, ilikuwa Panya Mwekundu.

Wateja walikuwa wanakuja kwa ajili ya mpira. Kaka yeye alikuwa mtu wa magari. Usiku banda likipungua watu anaweka Ridge Racer, gemu ya Namco ya mwaka 1994, yeye aliiita Ya Gari. Ile gemu ina maajabu yake: ikishapakia, yote inakaa kwenye kumbukumbu ya mashine, diski inabaki na kazi ya kupiga muziki tu. Kwa hiyo unaweza kuichomoa, ukaweka CD yoyote ya muziki, ukakimbiza gari kwa nyimbo zako. Kaka alikuwa anaweka CD yake ya Bongo Fleva, anafungulia sauti mpaka mama anagonga ukuta.

Nilipochaguliwa kwenda kidato cha 5, shule ya bweni mkoa mwingine, hela ya ada, godoro na nauli haikuwepo. Wiki ileile banda likafungwa. Kaka akauza TV zote, akauza PlayStation zote na pedi zake. Katoni ya diski ndo kitu pekee alichorudi nacho nyumbani, akaisukuma chini ya kitanda cha mama. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Nikaondoka na godoro langu.

Sasa tuje karibuni. Masika ya 2024, maji yalipoingia mitaani Ifakara, ile katoni ililoa. Tukazianika diski kama dagaa. Zilikuwa 43. Nyingine zimeanza kuota madoa kwa pembeni. Nikajisemea, hizi zikikaa mwaka mwingine zimekwisha. Kaka siku hizi ni dereva wa lori, anapiga Dar na Tunduma, nyumbani anakuja mara moja moja. Nikaamua akija likizo mwezi wa 6 mwaka unaofuata, akute gemu zake zote ndani ya laptopu yangu, zinacheza.

Kwa ambao hawajui, iko hivi. Kuna programu inaitwa emuleta, inaifanya kompyuta ijifanye PlayStation. Mimi natumia DuckStation. Lakini emuleta inataka diski igeuzwe kwanza kuwa faili. Nikaazima kisomea CD cha nje, nikawa nazisoma moja moja kila jioni. Ukisoma diski ya PlayStation unapata mafaili mawili. La kwanza ni BIN, huo ndo mzigo wenyewe, linaweza kufika MB 700 hivi. La pili ni CUE, kifaili kidogo cha maandishi, unakifungua hata kwa Notepad. Kazi yake ni kueleza: mzigo uko kwenye faili lenye jina fulani, hapa ni data ya gemu, hapa unaanza muziki, wimbo wa pili unaanzia dakika hii. BIN bila CUE ni kama gunia la mpunga lisilo na jina la mwenyewe, hujui umpelekee nani.

Baada ya wiki mbili nikawa na zaidi ya GB 22, na laptopu yangu inalia haina nafasi. Hapo ndo inaingia CHD. Huu ni muundo uliotoka kwa watu wa MAME, mradi wa kuhifadhi mashine za gemu za zamani ulioanza 1997. Unachukua BIN na CUE, unazibana kuwa faili moja dogo, na hakuna kinachopotea. Siku ukitaka unalirudisha likawa kama mwanzo. Kigeuzi chake kinaitwa chdman. Ubaya wake hakina vitufe vya kubonyeza, kinataka amri za kuandika. Kuandika amri mara 43 ni adhabu, kwa hiyo unatengeneza skripti ya kugeuza zote kwa mkupuo: kwa kila CUE iliyomo kwenye folda, ita chdman, igeuze iwe CHD.

Ingeishia hapo ningekuwa shujaa. Ila nilifanya mambo mawili.

La kwanza, nilifanya kwa mapenzi. Nilibadilisha majina ya zile gemu ambazo kaka alizipenda zaidi, nikazipa majina ya banda: Ya Gari, Panya Mwekundu, Mieleka, jumla 11. Nilitaka akifungua folda acheke. Nikabadilisha jina la BIN, nikabadilisha jina la CUE. Sikujua kwamba ndani ya CUE bado kumeandikwa jina la zamani.

La pili, nilifanya kwa haraka. Mwishoni mwa skripti nikaongeza mstari mmoja: ukishageuza, futa BIN, ili nafasi ipatikane. Sikuuambia ule mstari uangalie kama kugeuza kumefaulu. Nikabonyeza, maandishi yakaanza kukimbia kwenye kioo, nikaona mambo yanaenda. Nikamtumia kaka sauti WhatsApp: "Shikamoo kaka. Gemu zako zote 43 ziko salama kwenye laptopu."

Akajibu neno moja tu la kuandika: "Zote?"

Nikamwambia zote. Akauliza, "Na Ya Gari ipo?"

Nikamwambia ipo. Nikalala usingizi mnono kabisa.

Siku chache kabla ya hapo, nilishamaliza kuzisoma diski zote, mama aliniomba ile katoni. Mpunga wake wa Minepa, ng'ambo ya mto, ulikuwa umeanza kutoa masuke na kweleakwelea wamekuja. Diski zinameta juani, ndege wanaogopa. Nikampa katoni nzima. Kwangu zilikuwa makopo matupu, si vitu viko kwenye laptopu?

Siku ya nne kaka akaomba picha ya Ya Gari ikiwa inacheza, awaoneshe wenzake kwenye foleni ya mizani. Nikafungua folda. Ya Gari haipo. Nikahesabu CHD: 32. Nikahesabu tena: 32. Zile 11 nilizozipa majina kwa upendo, chdman aliifungua CUE, akatafuta faili lenye jina la zamani, hakulikuta, akaandika kosa na kuendelea na inayofuata. Mstari wangu ukaja nyuma yake kama mgambo, ukafuta BIN zote. Na amri ile haipeleki kitu kwenye kapu la taka. Ikifuta imefuta.

Aisee, nilikaa kwenye kiti kama niliyemwagiwa maji.

Asubuhi nikachukua boda mpaka ng'ambo. Tukipita daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililofunguliwa 2018, nikamkumbuka kaka enzi za kivuko, alivyokuwa anavuka na PlayStation ameifunga kwenye khanga ya mama ili isilowe, anakwenda kuchezesha watu gemu msimu wa mavuno. Mimi nimepita juu ya lami, nimebeba aibu tu.

Shambani nikaziona kwa mbali, zinameta juu ya mpunga kama nyota mchana. Mama alizipitisha kamba kwenye lile tundu la katikati, mbili mbili mgongo kwa mgongo. Kwa bahati hakuhitaji kutoboa. Nikaanza kuzifungua.

"We mtoto, unatoa sidii zangu, ndege utawafukuza wewe?"

"Nachukua 11 tu mama."

"Za nani?"

"Za kaka."

Akanitazama kwa muda, akasema, "Si ulisema umeshazihifadhi?" Sikuwa na jibu. Nilishinda shambani siku hiyo nikiamia ndege kwa kopo na mawe, ndo ilikuwa bei.

Nilipata 10. Mieleka haikuonekana, kamba yake ilikatika, na chini ni maji na tope. Nikazunguka kwenye majaruba mpaka jua linazama, hakuna.

Nyumbani nikaanza kuzisoma upya. Nikueleze kitu ambacho wengi tunakosea: upande dhaifu wa CD siyo ule unaong'aa, ni upande wa jina. Chini kuna plastiki nene, mkwaruzo mdogo unaweza kuusugua na dawa ya meno ukapona. Juu, tabaka lenye data limefunikwa na rangi nyembamba tu; likichubuka hakuna dawa. Na diski ya kuchoma juani inachoka, ile wino yake inapauka. Kwa hiyo saba zilisoma bila shida. Moja ikasoma baada ya dawa ya meno. Moja ilikuwa imechubuka juu, ukiinyanyua kwenye taa unaona mwanga upande wa pili. Hiyo nikaiweka pembeni.

Ya mwisho ilikuwa Ya Gari. Ikasoma vizuri mwanzoni, halafu ikaanza kukwama. CD inasomwa kutoka katikati kwenda nje, na upepo ulikuwa umeigonganisha ile diski na mwenzake kwa pembeni. Gemu yenyewe iko katikati, ilikuwa nzima. Muziki uko nje. Nyimbo nne za mwisho hazikusomeka.

Nikawa na mambo mawili ya kuchagua. Kunyamaza, maana gari linakimbia, asingejua mpaka afike kwenye nyimbo zile. Au kumpigia. Nilizunguka na simu mpaka saa nne usiku.

Nikampigia, nikamweleza yote, mpaka lile la ndege. Alinyamaza muda mrefu, nikawa nasikia injini tu. Halafu akasema, "Dogo, kufuta siyo tatizo. Hata mimi nishawahi kupoteza vitu. Ila nilikuuliza zote, ukasema zote. Ulihesabu?"

Nikasema sikuhesabu.

"Basi ungesema hujahesabu."

Akakata. Hakunipigia wiki nzima. Hiyo wiki ilikuwa ndefu kuliko kidato cha 5.

Mwezi wa 6 akaja. Kasalimia, kala wali wa mama, halafu akatoa kwenye begi CD imefungwa kwenye nailoni. Ilikuwa ileile ya Bongo Fleva. Nilidhani aliiuza na TV. Akasema, "Hivi ule muziki wao mimi nimewahi kuusikiliza lini?"

Tukakaa wawili. Nikatoa nyimbo zake nne, nikaziweka katika mfumo wa WAV, nikaifungua CUE kwa Notepad na kuandika majina ya nyimbo zake pale palipokuwa na zile zilizokufa. Safari hii nilisoma kila mstari kwa sauti, yeye ananifuatisha kwa kidole kwenye kioo. Tukageuza. Nikaiambia chdman ihakiki faili, ikasema liko sawa. Tukalifungua. Gari likaondoka. Tulipofika kwenye wimbo wake wa kwanza akafungulia sauti yote.

Mama akagonga ukuta.

Msidhani yameisha. Alipoweka pedi chini aliuliza, "Mieleka haikupatikana kabisa?" Nikamwambia kabisa. Akatikisa kichwa. "Ile ndo ilikuwa inaleta hela." Akaenda kulala. Zilizopona ni 41, na mbili sitazirudisha.

Kwa hiyo mdau, kama una katoni yako chini ya kitanda: usibadilishe jina la BIN bila kubadilisha na ndani ya CUE. Kwenye skripti weka alama ya && kati ya kugeuza na kufuta, ili amri ya pili isifanye kazi mpaka ya kwanza ifaulu. Bora zaidi, usiweke kufuta kabisa. Geuza, hakiki, hesabu, cheza hata dakika mbili, ndo ufute kwa mkono wako. Diski zenyewe usizigawe mpaka hapo. Na ukiulizwa "zote?", nenda kwanza kahesabu.

Wewe ungekuwa mimi, zile nyimbo nne ungesema au ungeuchuna? Na kaka wa hivi, wiki nzima bila kupiga simu, alizidisha au nilistahili? Dondosha maoni yako hapo chini, nayasoma yote. Hata yeye anayasoma.