Duma si Mwoga

Kwetu Busale, wilayani Kyela, ni nchi ya mpunga, kakao na migomba. Duma hayupo huko. Yeye hupenda mbuga zilizo wazi, kama za Serengeti na Ruaha. Basi wenzangu wa bwenini waliponipa jina la Duma, kwa kuwa nina mbio na sipendi ugomvi, nilitaka kujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Maana walisema kwamba duma ni mwoga: fisi akija, humwachia nyama akaenda zake. Nikasoma habari zake, na haya ndiyo niliyoyaona.

Duma ameumbwa kwa mbio tangu puani hadi mkiani. Tundu za pua yake ni pana, apate hewa nyingi. Uti wa mgongo hupindika na kunyooka kama upinde, hivyo hatua yake moja huwa ndefu sana. Makucha yake hayafichiki kabisa kama ya chui, nayo hushika ardhi mfano wa njumu za mchezaji mpira. Mkia mrefu humsaidia kugeuka ghafula pasipo kuanguka. Mwaka 1965, huko Kenya, duma mmoja aliyefugwa alipimwa akikimbia mita 201 kwa sekunde 7 hivi, yaani karibu kilomita 104 kwa saa.

Lakini kila kipawa kina gharama yake. Mwili mwepesi hauna nguvu za kupigana, na meno yake ni madogo. Tena mbio zake ni za mita mia chache tu. Akisha kukamata, hana budi kupumzika akihema. Fisi akitokea saa hiyo, afanyeje? Akivunjika mguu hawindi tena, na asiyewinda hali. Akiwa ni mama, watoto nao wamekwisha. Na maisha yao ni magumu tayari. Utafiti uliofanywa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliozaliwa, 5 hivi tu walifikia kujitegemea. Wengi waliuawa na simba.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, duma aachapo nyama hakimbii kwa hofu, bali analinda miguu yake. Swala mwingine atapatikana kesho. Mguu mwingine haupatikani. Jina nimelikubali. Atakaye ngumi nitamwachia uwanja. Atakaye mbio, tukutane mstarini.