Miaka Iliyoongezwa

Asubuhi ya baridi na ukungu nilipanda basi katika stendi ya Igumbilo, Iringa, kwenda Mbeya. Kikapuni nilikuwa na maparachichi na kipimo cha presha. Jana yake binti wa rafiki yangu wa Uyole alikuwa amenipigia simu: "Mama mdogo, mama ameacha dawa."

Tulipopita misindano ya Mafinga, moyo wangu ulirudi mwaka 2003. Nilikuwa muuguzi mpya. Mama huyo alikuja amekonda, mgongoni ana mtoto wa mwaka mmoja. Alipopewa majibu aliniuliza, "Nesi, nitamwona huyu akianza shule?" Sikuwa na la kumjibu. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakati huo zilikuwa za wenye fedha.

Mwishoni mwa mwaka 2004 serikali ilianza kuzitoa bure, naye alizipata mapema. Mwaka 2000 wastani wa umri wa kuishi nchini ulikuwa kidogo tu juu ya miaka 50. Sasa umevuka 65. Chanjo za watoto na vyandarua vimesaidia, na dawa hizi pia.

Makambako tulishuka kula. Nilitazama akina mama wakiuza mahindi ya kuchoma, nikakumbuka utafiti wa 2022–23. Nchi nzima, watu wazima wenye maambukizi ni asilimia 4.4. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Chanjo bado hatuna. Jaribio moja lililofanyika Mbeya na kwingineko lilisimamisha uchanjaji mwaka 2023, ilipoonekana hakuna matumaini kwamba ingezuia maambukizi. Kwa hiyo kidonge cha kila siku ndicho uhai.

Baada ya Igawa na mashamba ya mpunga ya Chimala, nilifika Uyole jioni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kunigombeza?"

Kumbe kidonge cha virusi hakukiacha hata siku moja. Alichoacha ni dawa ya presha. "Vidonge vimezidi," alisema, "na siumwi popote." Nilimpima: 180 kwa 110. Mezani palikuwa na viazi vya kuchemsha, na kando yake kisahani cha chumvi ya kuchovea.

Akina mama wenzangu, hapo ndipo tunapodanganyika. Presha haipigi hodi. Aliyeokolewa na dawa moja sasa anazeeka, na uzee una maradhi yake: presha, kisukari, kiharusi. Tupime presha hata tukiwa wazima. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja, pamoja na iliyomo kwenye mkate na supu. Tule maharage, mboga na matunda ya shambani kwetu, tutembee, na tusiache dawa bila kumwona daktari.

Kesho yake tulikwenda kliniki pamoja, akaanzishiwa dawa upya. Zaburi ya 90 inatufundisha kuzihesabu siku zetu. Nadhani kumeza kidonge kwa wakati nako ni kuzihesabu.

Tuliporudi, binti aliyenipigia simu alikuwa mlangoni. Ndiye yule wa mgongoni wa mwaka 2003. Shule alimaliza, na sasa mgongoni mwake kuna mtoto. Bibi alimpokea mjukuu wake, akaniambia, "Huyu naye nataka nimwone akianza shule."

Safari hii nilikuwa na jibu.