Nani Anabeba Hasara ya Koti?

Kampuni inayouza hisa zake hadharani nchini Marekani hulazimika kisheria kuwaeleza wanahisa, kila mwaka na kwa maandishi, mambo makubwa yanayoweza kuitia hasara. Nyaraka hizo huwa nawasomesha wanafunzi wangu sambamba na vitabu vya nadharia, kwa sababu ndani yake mtaji hulazimika kutaja hofu zake. Safari hii tulisoma habari za Columbia Sportswear, kampuni ya jimbo la Oregon inayouza makoti, buti na mavazi ya wapanda milima.

Kampuni hiyo haishoni makoti yake yenyewe. Huagiza kwa viwanda vya watu wengine, vingi vikiwa Asia, miezi mingi kabla ya msimu. Hapo ndipo vihatarishi vinapoanzia. Majira ya baridi yakija na joto, makoti hudoda ghalani. Ushuru ukipanda, meli ikichelewa au thamani ya fedha ikiyumba, faida hupungua. Lakini karibu kila kihatarishi kimetafutiwa dawa: kazi imetawanywa katika nchi kadhaa, fedha za kigeni zimewekewa kinga, na bidhaa zilizobaki huuzwa kwa punguzo katika maduka maalumu.

Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Kondoa, aliuliza: "Mwalimu, hasara ikikingwa huko juu, huwa inaisha au inahama?" Swali hilo ni zito kuliko mengi niliyoyasikia katika makongamano, na jibu lake halihitaji safari ya Oregon.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wake mkavu hupenya mifupa, na dereva wa bodaboda anayeamka alfajiri hawezi kufanya kazi bila koti zito. Koti hilo, mara nyingi, ni mtumba. Kijana ninayenunua kwake pale Sabasaba hupokea belo likiwa limefungwa. Halikatwi kamba kabla halijalipiwa. Ndani huenda mkawa na makoti safi ya kampuni kubwa, au mkawa na zipu zilizokufa na mavazi ya thelujini ambayo hapa hayana mvaaji. Mtaji wake ni mkopo wa wale tunaowaita kausha damu. Aliwahi kuniambia: "Mzee, belo nikishalikata kamba halirudi. Na mkopo hauniulizi ndani nilikuta nini."

Huyu naye ni mfanyabiashara wa makoti. Ana msimu, ana mgavi, anaguswa na ushuru na thamani ya shilingi, sawasawa na kampuni ile. Tofauti ni kwamba yeye hana kinga hata moja, wala hana wa chini yake wa kumsukumia hasara. Akikosea belo mbili mfululizo, anayelipa ni mtoto wake, kwa ada na mlo.

Sasa tutazame upande wa ushonaji. Morogoro, njiani kuelekea Dar es Salaam, kiwanda cha Mazava kimeshona mavazi ya michezo kwa ajili ya soko la Marekani. Biashara ya namna hiyo ilisimama juu ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoondoa ushuru kwa bidhaa nyingi za Afrika. Sheria hiyo ilitungwa kwa muda maalumu, ikaongezewa muda zaidi ya mara moja, na ukomo wake ukafika Septemba 2025. Ajira ya mshonaji wa Morogoro imetegemea kura za wabunge ambao yeye hawachagui.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikusudia kuondoa mitumba katika muda wa miaka mitatu ili viwanda vyetu vifufuke. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, na Tanzania, Uganda na Rwanda zikawekwa chini ya mapitio ya AGOA. Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika unafuu huo.

Wapo wanaoisoma habari hii kama kisa cha ushujaa na woga. Mimi naisoma kama kisa cha hesabu isiyokamilika. Kusudio la 2016 lilikuwa jema: nchi inayolima pamba Simiyu na Shinyanga, kisha ikauza sehemu kubwa yake nje kabla haijawa kitambaa, haina budi kujiuliza maswali. Lakini muuza mitumba angeishi kwa nini katika miaka mitatu ile? Mshonaji wa kiwandani angekingwa na nani Washington ikikasirika?

Watumishi wa umma mnaonisoma mnaifahamu rejesta ya vihatarishi. Taasisi zenu hutakiwa kuwa nayo. Aghalabu huorodhesha yanayoweza kuikwamisha taasisi. Napendekeza safu moja zaidi: hasara ikitokea, nani ataibeba, na ana kinga gani? Safu hiyo ingejazwa kwa uaminifu, mabadiliko ya ushuru wa nguo yangetangazwa mapema, kabla belo halijapakiwa melini. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ingepangiwa marejesho yanayofuata msimu wa biashara. Na zabuni za makoti ya askari wetu zingevipa viwanda vya ndani oda za uhakika, zisizosubiri huruma ya bunge la ng'ambo.

Mwanafunzi wangu nilimjibu kwamba hasara inahama, na huwa inateremka. Kisha nikampa kazi: aende Sabasaba, akaandike taarifa ya vihatarishi ya kibanda kimoja cha makoti, kwa uzito uleule wa ile ya Oregon.