Mvua Inapobisha Hodi Machakos

Ukizuru Machakos mwanzoni mwa Oktoba, usihadaike na vumbi. Pita nyuma ya nyumba ukaione bustani. Migunga inachipua majani mabichi ilhali hata tone halijadondoka. Karibu na ua, yungiyungi jekundu, mviringo kama mpira, limechomoza ardhini bila jani. Alfajiri utamsikia ndege wa mvua akiita. Kumwona ni kazi nyingine!

Mama mkwe wangu tayari amepanda mahindi na kunde katika ardhi kavu, kwani Ukambani mvua ya vuli hutegemewa kuliko ya masika. Gorogoro moja ya mbegu ameiweka akiba. Mvua ikimdanganya, atapanda tena. Ikimdanganya mara ya pili, atanunua mbegu kwa pesa za karo.